Wa Kinyala na wa Masoko

Nilipozaliwa, bibi mzaa mama alifunua kanga, akanitazama usoni, akasema, "Huyu wa kwetu." Kwao ni Kinyala. Miaka minne baadaye akazaliwa mdogo wangu, mwembamba, shingo ndefu, na bibi akamrudisha mikononi mwa mama bila kinyongo: "Huyu wa kwa baba yake." Kwa baba ni Masoko. Tangu siku hiyo tuligawanywa. Nikipiga kelele, ni domo la Kinyala. Mdogo wangu akinuna, ni kiburi cha Masoko. Tulikua hivyo, na nakiri nililipenda fungu langu.

Nililipenda zaidi nilipoanza kuelewa wanawake wa Masoko wanakufa na nini. Bibi mzaa baba alikuwa na kidonda cha titi. Alikifunga majani na kitambaa, akaendelea kuchuma kahawa mpaka akashindwa kuinua mkono. Baadaye shangazi, akiwa hajafika hata miaka hamsini. Halafu binti wa shangazi, ambaye alifika hospitali uvimbe umeshapasuka. Kwenye msiba huo wa tatu niliona jinsi watu walivyomtazama mdogo wangu wakati anagawa chai. Hakuna aliyenitazama mimi.

Mdogo wangu aliogopa, akabadili maisha. Kila asubuhi alitembea kutoka kwake Ibighi hadi kwenye mashamba ya chai na kurudi, mvua ya Tukuyu ikimnyeshea. Bia akaacha, mafuta akapunguza. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa kitini toka asubuhi hadi jioni, na wakati huo nikifunga kazi nilikuwa na bia zangu mbili, tatu siku ya mnada, na nyama choma ya kusindikizia. Nilikuwa nimenenepa kiasi cha kujishonea magauni mapya kila mwaka. Akipita mbele ya kibanda changu jasho linamtoka, namwambia, "Kimbia, mama, Masoko wanakufuata!"

"Na wewe je, dada?"

"Mimi wa Kinyala. Sisi tunakufa kwa uzee."

Sikuwa natania tu. Bibi yangu wa Kinyala alikunywa pombe ya kienyeji mpaka meno yakaisha, akafa mkongwe, usingizini. Nilikuwa na ushahidi. Nyani haoni kundule.

Siku alipoamua kwenda kupimwa, aliniomba nimsindikize. Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alimpapasa mdogo wangu taratibu, akamuuliza habari za ukoo, akaandika, akamwambia hajaona tatizo, arudi kila mwaka. Kisha akanigeukia.

"Na wewe?"

"Mimi nimemsindikiza tu. Huyu ndiye wa upande wa baba."

"Kwani baba yenu si mmoja?"

Nilikasirika. "Ni mmoja! Unatuonaje?"

"Basi panda kitandani."

Nilipanda kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikafungua vifungo. Mimi ninayezungushia futi vifua vya wanawake kila siku, changu sikuwahi kukipapasa. Vidole vyake vilipita, vikarudi, vikasimama. Kulikuwa na kitu kama punje ya harage, kigumu, hakiumi. Nilimwona mdogo wangu akitazama ukutani, nikajua ameelewa.

Baada ya vipimo vya Mbeya kuonyesha ni saratani, nilirudi kwa daktari yule na maswali yangu. Akanieleza kwamba sura ni sura, lakini kuna mambo ya ndani tunayorithi kwa mama na kwa baba, na hayafuati pua wala shingo. Kila mtoto anaweza kuyapata au kuyakosa. Na aliyeyapata anaweza asiugue kabisa. Maisha nayo huongeza hatari au huipunguza: pombe, unene, kukaa bila kuushughulisha mwili.

"Kwa hiyo ni bia?"

"Siwezi kusema ni bia. Siwezi kusema ni bibi yako wa Masoko. Mara nyingi vitu vinakutana. Wapo wanaougua bila chochote kati ya hivyo."

Nikamtolea ushahidi wangu, bibi wa Kinyala na pombe yake. Akaniuliza bibi alikuwa anafanya kazi gani. Nikasema alikuwa analima mlimani, anabeba mikungu ya ndizi kichwani, amenyonyesha watoto tisa.

"Wewe umerithi pombe yake, ukaliacha jembe," akasema, bila kucheka.

Walinitoa titi la kushoto, nikapata dawa, nywele zikaenda na kurudi. Kuna siku nilimwonea wivu mdogo wangu, aliyetembea mvuani na kutoka salama, kisha nikaona haya, kwa sababu ndiye aliyekuwa ananipikia uji. Siku hizi asubuhi tunatembea wote hadi kwenye chai. Yeye bado anatangulia.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wa kike. Tulimpeleka Kinyala kwa mama yangu, ambaye sasa ndiye bibi wa kufunua kanga. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, macho yake hayaoni vizuri.

"Ndaga fijo, asante sana, Mungu. Huyu wa kwetu."

"Afadhali," binti yangu akasema, akashusha pumzi.

"Afadhali nini?" nikamuuliza.

"Si kasema wa Kinyala."

Nilihisi kovu linanivuta. Nikamwambia, "Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Ukapimwe."

"Mimi, mama? Mimi nimefanana na baba. Kila mtu anasema."

"Mama yako ni nani?"

Alinitazama usoni, halafu akatazama upande wa kushoto wa gauni langu, ambao huwa siujazi kitu. Alimrudishia bibi yake kanga, akamweka mtoto begani, akaniuliza foleni inaanza saa ngapi.