Mpira Ulioteremka Hadi kwa Mama Mwadime

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Leo sina siasa wala udaku. Hii ni story ya kwetu, na kama kuna mtu wa Sagalla, kule mlimani juu ya Voi, humu ndani atanisimamia kwamba sijaongeza chumvi.

Nilikuwa golikipa wa timu ya kijiji. Timu yenyewe, wacha tu.

Uwanja wetu uko kwa mteremko. Mpira ukitoka upande wa chini, unaenda bila breki mpaka kwa shamba la Mama Mwadime.

Na tulikuwa na mpira mmoja. So sheria ilikuwa hivi: ukiutoa, unaufuata mwenyewe, mechi inasimama mpaka urudi.

Mteja mkubwa wa huo mteremko alikuwa Mwadime mwenyewe, beki wetu wa kushoto, mtoto wa huyo mama. Jamaa alikuwa na mguu mzito na pasi fupi hakuziamini kabisa. Akiona hatari kidogo tu, puu! Chini kwa mamake.

Sisi huku juu tunasikia mama anafoka: "Mmenivunjia mbaazi tena! Siku moja nitaupasua huu mpira na panga!"

Jamaa anarudi polepole, anatafuna muhogo. Refa akianza kelele anapewa kipande, kesi inaisha.

(Mimi naamini alikuwa anaupiga huko makusudi akisikia njaa. Ushahidi sina.)

Baadaye akaingia jeshi. Recruitment ilifanyika Voi, akakimbia miguu peku akawaacha wenye viatu. Tulijivunia, buda! Kila likizo, hata begi hajatua, anauliza, "Mechi ni lini?"

Halafu akapelekwa mpakani. Akarudishwa kwa jeneza lililofunikwa bendera.

Wanajeshi wenzake walimpigia saluti. Sisi timu tulisimama tu na jezi zetu, hatujui mikono tuiweke wapi. Nililia mbele ya watu wote na sioni haya kusema.

Baada ya mazishi tukakubaliana: tusimpigie mama kelele juu ya kichwa, atakumbuka mtoto. Tukahamia uwanja mwingine huko chini karibu na Voi, tunaenda na boda. Tuliona hiyo ndiyo heshima.

Miezi ikapita. Jumapili moja tukitoka kanisani, mama akatusimamisha getini.

"Nyinyi vijana, nimewakosea nini?"

Kapteni akanyoosha mkono kumsalimia, mama akaendelea:

"Mimi nilizika mtoto mmoja. Nyinyi wengine mlienda wapi? Kila Jumamosi nakaa kwa mbaazi nangoja huo mpira wenu. Kimya tu!"

Kapteni akajaribu kujitetea. "Mama, tulikuwa tunakupa heshima."

"Heshima gani hiyo ya kuniacha peke yangu?"

Wakuu, niliangalia chini.

Jumamosi iliyofuata tukarudi juu. Kipindi cha pili, beki wetu mpya akabanwa, akaubutua mpira. Ukateremka kule kule.

Kwa sheria ilikuwa aufuate. Akaenda kidogo, akasimama, akatuangalia. Hakuna aliyeweza kumwambia nenda. Hata wapinzani, ambao hawakuwa wanajua chochote, hawakudai mpira.

Ndipo tukasikia kutoka chini: "Mmenivunjia mbaazi tena!"

Weh! Nilicheka huku machozi yananitoka. Kapteni alikuwa amekaa chini kabisa, amefunika uso na jezi.

Mama akapanda mwenyewe, mpira kwapani, muhogo mkononi. Akampa yule beki vyote viwili.

"Siku nyingine uje mwenyewe," akamwambia. "Mwadime alikuwa anakuja."

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja: mfiwa usimwachie nafasi sana. Nafasi ameshaachiwa na aliyeondoka. Nenda hata ukamsumbue.

Kama na wewe una mchezaji wenu aliyeenda na jeshi asirudi, mtaje hapa tumkumbuke pamoja. Nitasoma comments jioni. Saa hii naenda uwanjani, na mbaazi za mama zimeshaanza kutoa maua.