Ziwa Alilolichagua Baba

Niliondoka nyumbani kwa sababu moja: kamati ya familia ilishindwa kukubaliana mahali pa kukutania, na katibu wa kamati ni mimi. Desemba tulitaka kuukusanya ukoo wote wa baba, watu zaidi ya mia, kutoka hapa Kibirichia tunakoishi, kutoka Runyenjes alikozaliwa baba, na kutoka Nairobi ambako vijana wetu wamehamia na kujifunza kutuletea mambo. Ni hao vijana waliotutumia kwenye simu picha za familia za ng'ambo, zimekaa kando ya ziwa, kila mtu na glasi yake mkononi. "Anti Marigu, hata sisi tunataka lake na wine," wakaandika. Nikawajibu kwamba Kibirichia kuna viazi na baridi, wachague kimoja.

Aliyetushangaza ni baba. Huyu ni mzee wa kanisa, mtu anayenusa hata soda kabla ya kuinywa. Siku hiyo alikohoa kidogo akasema, "Ziwa liko. Mbeere, huko Kiambere, lile bwawa tulilojenga. Na mvinyo uko, wa asali. Kuna Mama Njeru, shamba lake linafika majini. Muulizeni yeye."

Kwamba baba aliwahi kufanya kazi ya ujenzi wa bwawa tulilijua. Nilikuwa shule ya msingi wakati huo, na tangu hapo kila mwaka dumu la asali hufika kwetu kutoka kwa mtu tuliyemwita rafiki wa bwawani. Lakini mzee wa kanisa kujua mvinyo wa asali unapikwa kwa nani! Mama alikuwa akimenya viazi na hakuinua kichwa. Mimi nikafungua daftari nikaandika: Marigu aende akakague.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Kibirichia. Nilipakia gunia la viazi kwenye gari la mume wangu, maana mkono mtupu haubishi hodi. Mama alilifunga gunia mwenyewe kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo, bila kuniuliza ninakokwenda kuna nini. Mama jina lake ni Nkatha, Mmeru halisi wa huku juu, na watu humwita Mama Njeru kwa sababu kaka yangu mkubwa ni Njeru. Sikushtuka kwamba mwenyeji wetu naye ni Mama Njeru. Embu na Mbeere ukiita Njeru sokoni, nusu ya wanaume watageuka.

Baba alikuja hadi kwenye dirisha la gari akiwa na fimbo yake. "Ukifika usiwe na haraka," akasema. "Uliza watoto wa hapo wanaitwa nani." Nikamjibu kwamba kuuliza watoto majina ndiyo kazi niliyoifanya darasani kwa miaka thelathini, hahitaji kunifundisha. Nikaona ni uzee. Nikatia gia.

Saa tano, Runyenjes. Nilipita Meru mjini, Nkubu na Chuka bila kusimama, nikateremka na kupanda madaraja yote ya mito inayotoka mlimani, hadi kwa baba mdogo Nyaga, ndugu pekee wa baba aliyebaki hai. Nilimkuta akimpimia mtu wa bodaboda kahawa ya kupeleka kiwandani. Aliniletea chai, nikamweleza safari yangu. Nilipotaja Kiambere, kikombe chake kilisimama katikati ya njia.

"Nani amekutuma kwa huyo mama?"

"Baba."

"Yeye mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Mbele ya kamati."

Alikiweka kikombe chini akaifuta meza iliyokuwa safi. "Basi ameamua," akasema. Nilimbana kwa maswali kama mwanafunzi aliyekosa kazi ya nyumbani, lakini baba mdogo ni mgumu kuliko jiwe la kusagia. "Mimi si mdomo wake, Marigu. Enda tu. Mimi hiyo Desemba nitakuja popote, bora nisikalishwe karibu na hiyo muratina ya asali, mchungaji ataniona."

Nilicheka, lakini sikufurahi. Mtu anayekuficha jambo huku akikutazama kwa huruma hukutia hofu kuliko anayekukemea.

Saa nane, Kiritiri. Hapa joto lilinipokea kabla ya watu. Sweta niliyoondoka nayo Kibirichia niliitupa kiti cha nyuma. Mbuzi walikuwa wamelala chini ya lori la mchanga, na mwanamke aliyekuwa akipepeta ndengu alinielekeza njia ya ziwani. Kisha akanitazama tena. "Lakini si wewe ni wa kwetu?" akauliza. "Hiyo paji la uso ni ya kwetu kabisa." Nikamwambia mimi ni mgeni, natoka Kibirichia. Alicheka tu, akaendelea kupepeta.

Saa tisa na nusu, ziwani. Nitasema ukweli: nilipoyaona maji, moyo ulinisahaulisha mengine yote. Nchi kavu, miiba na mawe mekundu, halafu ghafla maji mapana, ya buluu, yametulia kati ya vilima. Shamba la Mama Njeru lilishuka taratibu hadi ufukweni, na mizinga ya nyuki ilining'inia kwenye migunga. Nilipima uwanja kwa hatua kama nilivyokuwa nikipima uwanja wa michezo wa shule. Hema tatu zingeingia, jiko lingekaa upande wa upepo, na watoto wangezuiwa majini kwa kamba. Niliandika yote. Nilikuwa nimeshakubali mahali hapo kabla ya kumwona mwenyeji.

Mama Njeru alitoka ndani akijifunga leso kiunoni, mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, mrefu. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachia. Kiembu changu ni cha kuombea maji tu, kwa kuwa tulilelewa kwa Kimeru cha mama, kwa hivyo tulizungumza Kiswahili.

"Karibu, mwanangu. Nimekungoja hii siku mpaka nikachoka kungoja."

Nikadhani anasema juu ya simu aliyopigiwa na baba wiki iliyopita, kwamba ninakuja. Alinikalisha kivulini akaleta kibuyu cha mvinyo wa asali, akanimiminia kikombe. Nikamwambia sinywi. "Si lazima," akasema, "lakini ukoo hauwezi kukutana hapa na hakuna kitu imepikwa." Nikauandika huo nao katika daftari, chini ya mambo ya kuongea na mchungaji. Ndipo nilipokumbuka maneno ya baba. Kwa adabu tu, bila nia yoyote, nikauliza watoto wake ni akina nani.

Hapa lazima nimweleze msomaji asiyetoka kwetu. Kwa Waembu na Wambeere jina la mtoto halichaguliwi kwa utamu wake. Mvulana wa kwanza ni babu yake mzaa baba, msichana wa kwanza ni nyanya yake mzaa baba, kisha ndio wanafuata wa upande wa mama. Babu yangu aliitwa Njeru na nyanya yangu Marigu. Ndiyo maana kaka yangu ni Njeru na mimi ni Marigu. Anayejua desturi hii akitajiwa watoto wa boma moja anaweza kukutajia na mababu zao.

"Wa kwanza ni Njeru," akasema. "Ako Thika, ni fundi wa welding. Halafu Marigu, ameolewa Siakago."

Nilitabasamu. "Kumbe nina wajina hapa."

"Halafu Ireri, hiyo ni baba yangu mimi."

Nikapumua. Ndiyo, nilipumua, na hapo ndipo nilipojua kwamba pumzi nilikuwa nimeizuia. Njeru na Marigu ni majina ya kawaida. Hata baba mdogo Nyaga ana Njeru wake na Marigu wake.

"Na kitinda mimba ni Nkatha."

Daftari lilianguka. Nkatha si jina la Mbeere. Si jina la Embu. Ni jina la Meru, la huku kwetu juu kwenye baridi, na katika nchi ile ya miiba halina babu wala nyanya wa kulileta. Kulikuwa na njia moja tu ya jina hilo, jina la mama yangu, kufika pale. Nilimtazama mama yule, nikatazama maji, nikatazama mizinga ya asali. Nikakumbuka madumu yote ya asali niliyoyafungua, na mikate yote niliyoipaka, na jinsi mama alivyokuwa akisema asali inamuuma meno.

"Kwani baba yako hakukuambia?" Mama Njeru akauliza, na sasa yeye ndiye aliyeshtuka. Alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Ai! Yaani amekutuma hivyo, bila kitu?"

Nilichukua kikombe nikanywa mvinyo wake wote, mimi Marigu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, kwa pumzi moja. Kisha nikalia kwa hasira. Nilimlilia mama aliyekuwa akifunga lile gunia. Nilimkasirikia baba zaidi ya nilivyowahi kumkasirikia mtu yeyote, na nilimkasirikia huyu mwanamke kwa kuwa mpole, kwa maana angekuwa mkali ningejua la kufanya.

Aliniacha nimalize. Ndipo akanieleza bila kujipamba. Baba alimkuta pale akiuzia wajenzi chakula. "Nilijua ako na wenyewe. Uongo sikuambiwa, uongo mliambiwa nyinyi." Kazi ilipoisha baba alibaki akija na kurudi, hadi alipookoka. "Akaacha pombe, akaacha na sisi, siku moja. Nkatha nilikuwa bado nimembeba tumboni."

"Na hilo jina? Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna. Nilijipa." Alinyoosha leso yake magotini. "Huyo mama nimemkosea na hanijui. Ng'ombe wa kuomba msamaha sina, na hata ningekuwa naye ningempeleka na uso gani? Nikampatia kitu ile naweza. Nikamzaa."

Kwetu mtoto aliyepewa jina lako ni wewe umezaliwa tena. Halina mjadala hilo. Hata mchungaji hulikubali akiwa kwake nyumbani.

Jumamosi, saa moja asubuhi. Kichwa kilinilazimisha kulala pale, na nilipoamka nilimkuta Nkatha jikoni. Anauza ndengu Kiritiri. Ndiye aliyekuwa akipepeta jana. Alikuja alfajiri kwa bodaboda kuniona vizuri. Ana miaka thelathini na kitu, na amenyamaza vilevile anavyonyamaza mama yangu, ingawa damu yao haikutani popote. Alinimiminia uji, akakaa mbali kidogo.

"Naweza kukuuliza kitu, dada? Huyo nina jina lake, ako hai?"

"Yu hai."

"Na haulizangi kunihusu?"

Mwenye jina, yule mkubwa, hupaswa kumletea wajina wake nguo ya kwanza, hata khanga. Mwanamke huyu amekua, amezaa, na bado alikuwa akiingoja. Niliinama nikanywa uji wangu.

Jumamosi, saa kumi jioni, Kibirichia. Baba alikuwa kwenye benchi nje ya ghala la viazi. Sikumsalimu. "Ukanituma mimi!" nikasema. "Miaka yote hii, halafu ukanituma mimi!"

"Nilijaribu kusema mara nyingi," akajibu akitazama fimbo yake. "Kila mara mdomo ulikataa. Nikaona majina yatasema. Sitaki nizikwe na watoto wangu wajuane kando ya kaburi."

"Na mama?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilijaribu kuanza na habari za uwanja na hema. Alinikata. "Nilijua kuna mtu. Asali haiji yenyewe kila mwaka. Sema wako wangapi."

"Wanne." Nikawataja mmoja mmoja. Kwa Njeru uso wake haukubadilika. Kwa Marigu aliuma meno. Kwa Ireri aliinua bega, hayamhusu. Kisha nikakwama, na akaniambia niseme.

"Wa mwisho ni Nkatha, mama."

Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu ameshtuka, hata kwenye misiba yetu. Alishika fremu ya mlango. Alimtazama baba, na baba, kwa mshangao uleule, alinitazama mimi. Nikaelewa kwamba hata yeye hakujua jina la mtoto aliyemwacha tumboni.

"Ana miaka mingapi?" mama akauliza.

"Thelathini na kitu."

"Thelathini," akarudia polepole, "na mimi sijampelekea hata khanga."

Aliingia ndani. Nilisikia kifuniko cha sanduku lake, lile ambalo hatujawahi kuruhusiwa kulifungua. Alirudi na kitenge kipya kilichokunjwa kwenye mikunjo yake ya dukani, akakiweka mikononi mwangu juu ya daftari. Baba alifungua kinywa kusema, mama akamwinulia kidole bila kumwangalia.

"Wewe nyamaza. Wewe na huyo mama yako wa asali sijawasamehe, na mkutano ukifika nitakaa mbali nanyi." Kisha akanigeukia mimi. "Hiyo kitenge nitampa kwa mkono wangu. Toa kwa daftari."

Nikakitoa.

"Sasa andika. Mkutano ni ziwani. Halafu pale kwa orodha ya watu, andika jina langu mara mbili."