Miguu Iliyofungiwa Ndani ya Simu

Mama Soli hapimi mguu kwa namba. Ingia karakana yake na haraka zako, useme unavaa arobaini na mbili, atakutazama kama mtu aliyeingia duka la dawa kununua misumari. "Namba ni za nyumba," atakwambia. "Vua soksi." Kisha atatandika karatasi sakafuni, akusimamishe juu yake, apige magoti yake yale ya miaka hamsini na tisa, azungushe penseli pembeni mwa mguu wako polepole mpaka utekenyeke. Mguu wa kushoto karatasi yake, wa kulia karatasi yake. Chini ya mchoro anaandika maneno: anakanyagia nje, kidole kidogo kimempanda mwenzake mgongoni, kisigino laini, usimwekee ngozi ngumu. Namba hata moja huikuti. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, ambaye hakuwa na urafiki na namba, na ndivyo alivyomfundisha mumewe, maana katika karakana ile fundi mkuu alikuwa mke na msaidizi alikuwa mume, na aliyeona vibaya shauri yake.

Wateja wake ni wale walioshindikana dukani: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye unyayo uliopinda, mwenye mguu wa kushoto mnene na wa kulia mwembamba kana kwamba uliazimwa kwa mtu mwingine. Kwao, ule mchoro ndio kila kitu. Ukiupoteza umempoteza mtu.

Basi miaka mitatu iliyopita mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, bati likavuja juu ya rafu ya michoro, karatasi thelathini zikawa uji. Mama Soli alilia kwa hasira. Mumewe akasema tuingize zilizobaki kwenye simu, tupumzike. Wakamwita binti wa dada yake Mama Soli, anayeuza na kutengeneza simu mtaa wa pili, akawawekea programu ya kuandikia kumbukumbu. "Ni bure kabisa, Mama Mkubwa," alisema yule binti. Maneno hayo mawili, bure kabisa, hadi leo Mama Soli akiyasikia hushika mkoba wake.

Walifunga karakana Jumamosi na Jumapili. Mume anautandaza mchoro mezani na kuubana usijikunje, mke anapiga picha, anaandika jina la mwenye mguu na maneno yake. Mia mbili na kumi na nne walimaliza, migongo ikiwauma, wakicheka kama watoto. Na kwa kujiamini kwao, zile karatasi wakazigeuza za kuwashia jiko.

Mwaka uliofuata mume akafariki. Alikaa kupumzika baada ya chakula cha mchana, hakuamka tena. Sina la kuongeza hapo, na Mama Soli naye hakuongeza. Alifunga mwezi mmoja, akafungua, akaendelea na kazi kwa sababu watu bado walikuwa na miguu. Kitu kimoja tu alikataa kiguswe, nacho ni kikofia cha ngozi alichokuwa akikivaa mumewe kwenye kidole gumba cha kushoto. Mama Soli mwenyewe ndiye aliyemshonea, baada ya kisu cha soli kumnyofoa mara mbili, akamwambia vaa hiki, hapa tunauza viatu, hatuuzi nyama. Mume akakizoea hata akawa anakisahau kidoleni mpaka wakati wa kula. Kilibaki palepale alipokitundika, kwenye msumari karibu na dirisha, kina tundu dogo ubavuni mahali msharasi, ule msumari wa kutobolea ngozi, ulipokitoboa.

Sasa ndipo ile programu ya bure kabisa ilipokumbuka kwamba nayo ina tumbo. Siku moja ilileta ujumbe wenye maua na pongezi: tangu mwezi huu, kila mwezi, lipa. Usipolipa utaona majina ya kurasa zako, ila kurasa zenyewe hazifunguki.

"Ebo!" alisema Mama Soli, peke yake, mbele ya cherehani. "Mchoro nimechora mimi, simu nimenunua mimi, miguu ni ya watu. Nilipe kodi ya kutazama vitu vyangu?"

Hakulipa. Alikuwa na hasira za haki, na hasira za aina hiyo zina raha yake. Kwa miezi minne akachora wateja upya, mmoja mmoja, walivyokuja. Wengi walifurahi tu kutekenywa.

Kisha akapigiwa simu na mtoto wa Mwalimu. Mwalimu ni mama mmoja mstaafu aliyefundisha nusu ya mtaa, mguu wake wa kushoto mfupi na umepinda kwa ndani tangu utotoni, na kwa miaka ishirini na sita hajawahi kuvaa kiatu ambacho hakikutoka mikononi mwa Mama Soli. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi, mguu uleule wa kushoto ukavunjika, umefungwa plasta. Kiatu alichokuwa amekivaa, cha pekee alichobaki nacho, hospitali walikikata kwa mkasi wakakitupa. Plasta ingetolewa Ijumaa ya wiki inayofuata, na daktari alitaka siku hiyohiyo asimame, ndani ya kiatu chake kilichoinuliwa, maana kwa umri wake akikaa wiki nyingine mbili za kungoja huenda asisimame tena.

"Nimemuuliza mama, sasa tutapimaje, na mguu uko ndani ya plasta?" alisema yule mtoto. "Akacheka. Amesema, 'Mwambie Mama Soli asihangaike, miguu yangu anayo.'"

Anayo! Mama Soli alikata simu, akaketi juu ya ndoo. Alikuwa nayo kweli, nyuma ya mlango wa mtu mwingine.

Mchana huohuo binti wa dada yake alifika mbio.

"Shikamoo Mama Mkubwa. Tunalipa mwezi mmoja, tunafungua, tunahamisha kila kitu."

"Marahaba. Tunahamishia wapi? Kwa mwingine wa bure kabisa?"

"Zipo nyingi. Nikuoneshe zinavyofanya kazi?"

"Usinioneshe kuingia, mwanangu. Kuingia hata mwizi anaingia. Nioneshe kutoka."

Na hapo ndipo Mama Soli alipokuwa Mama Soli mwenyewe. Huyu ni mtu ambaye akikodi chumba hutazama kwanza upana wa mlango, kwa sababu aliwahi kuishi katika nyumba ambayo kabati lake liliingia vipande na kutoka likawa kuni. Akaamua hivi: kila programu atakayoijaribu, ataingia na ukurasa mmoja tu, wenye maneno na picha, kisha siku hiyohiyo aombe kuondoka nao. Atakachotoka nacho mkononi ndicho kitakachosema.

Ya kwanza ilikuwa nzuri jamani, rangi tupu, herufi zimekaa kama zimepigwa pasi. Walipoomba kuondoka iliwapa faili. Wakajaribu kulifungua kwa kitu kingine, halifunguki. Linafunguka kwa yenyewe tu.

"Kwa hiyo nimepewa ufunguo wa nyumba niliyohama," alisema Mama Soli. "Ifute."

Ya pili ililipiwa kwa mwaka, na ilijua kuongea. Kuondoka iliruhusu bila kinyongo, maneno yote yakatoka safi, hata nukta haikupotea. Picha haikutoka.

"Maneno si ndiyo muhimu, Mama Mkubwa?" alisema binti kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Picha tunaweza kuzipiga upya siku nyingine."

"Za nini tutapiga, majivu ya jikoni? Futa na hiyo."

Ya tatu ilikuwa mbaya kwa sura. Haina rangi wala salamu. Ila kila ukurasa wake ni faili la kawaida la maneno, na kila picha ni picha ya kawaida, vyote vinakaa ndani ya simu yake mwenyewe, na anaweza kuvinakili kwenye kompyuta ya dukani kwa binti. Malipo yapo ukitaka wakutunzie nakala kwao, usipotaka, hawadai kitu. Mama Soli aliandika ukurasa wake mmoja, akaweka picha ya kiatu. Kisha, kabla binti hajadaka mkono wake, akaifuta programu yote.

"Mama Mkubwa! Umefanya nini?"

"Nimemuua mwenye nyumba. Tuone kama vyombo vyangu vipo."

Wakatafuta kwenye simu. Lile faili lilikuwepo, wakalifungua kwa kitu kingine kabisa, maneno haya hapa, picha hii hapa. Mama Soli alipiga kofi moja kubwa mezani, misumari ikaruka.

"Hii ndiyo. Irudishe, sura nitaizoea. Na mume wangu sikumchukua kwa sura."

Walilipa ule mwezi mmoja, kwa shingo upande, kurasa mia mbili na kumi na nne zikafunguka. Kuzihamisha kuliwachukua siku tatu, kwa sababu ile programu ya zamani ilikuwa inang'ang'ania picha, ikazitoa moja moja. Walizitoa zote. Jumatano, zikiwa zimebaki siku tisa, Mama Soli aliufungua mguu wa kushoto wa Mwalimu: ule mpindo, kile kisigino chembamba, na maneno yake mwenyewe chini, inua kimo cha vizibo viwili vya soda, asimame wima. Akatabasamu. Akaenda kuuchapisha, akitembea katikati ya njia kama mwenye mtaa.

Mchapishaji, mtu wa makamo mwenye miwani, aliifungua picha.

"Niitoe kwa ukubwa gani, mama?"

"Ukubwa wake."

"Wake upi? Naweza kuitoa ikawa mguu wa mtoto mchanga, naweza kuitoa ikawa wa askari. Hujaandika sentimita?"

Hakuwa ameziandika. Karatasi yenyewe ilikuwa ni kipimo. Uliiweka juu ya ngozi ukakata. Nani angeweka rula kando ya mguu ambao tayari ulikuwa na ukubwa wake? Wao wawili walipiga picha mia mbili na kumi na nne, nyingine kwa karibu, nyingine kwa mbali, wakachoma vipimo vyote jikoni wakicheka. Safari hii hakukuwa na wa kumlaumu. Mlango aliuchunguza vizuri sana, na ndani yake alikuwa ameweka miguu isiyo na urefu.

Aliogopa. Aliona Ijumaa, plasta imetoka, na Mwalimu ameketi kitandani akingoja miguu aliyoamini ipo kwa Mama Soli.

"Mama, kaa kidogo," mchapishaji alisema, akamsogezea kiti. Ili amliwaze, akaikuza picha mpaka ikajaa kioo. "Labda tupate kitu humu chenye ukubwa unaojulikana. Pembeni hapa kuna nini? Kidole?"

Mama Soli aliinua macho. Kwenye kona ya chini, kikiibana karatasi isijikunje, kilikuwepo kidole gumba cha mumewe. Alikuwa amekisahau tena kile kikofia cha ngozi kidoleni. Tundu la msharasi lilionekana ubavuni.

"Fungua nyingine," alisema.

Akafungua nyingine. Kidole kipo.

"Nyingine."

Kipo. Katika kila picha kipo, kona ileile, kimetulia juu ya karatasi kama mtu anayesema piga, nimeshika. Mama Soli alilia pale kwenye kiti, mbele ya wateja wa kuchapisha vyeti, na hakujificha. Kisha akafuta uso kwa upande wa kanga, akasimama.

"Usifunge hiyo. Narudi."

Alirudi na kile kikofia. Mchapishaji akachukua rula, Mama Soli akamkataza. "Namba za nini? Toa karatasi." Ya kwanza ilitoka kubwa mno. Ya pili ndogo. Ya tatu karibu. Ya nne, Mama Soli alikilaza kikofia juu ya picha ya kikofia, kikaifunika yote, ukingo kwa ukingo, tundu juu ya tundu.

"Hapohapo," alisema. "Usiguse kitu."

Kiatu kilikamilika Alhamisi ya wiki iliyofuata, kikiachiwa nafasi kwenye kamba kwa ajili ya uvimbe. Ijumaa Mwalimu alikivaa, akamshika daktari mkono mmoja na Mama Soli mwingine, akasimama. Aliangalia chini kwa muda mrefu, kama anayesahihisha daftari.

"Nilikwambia unayo," alisema.

Binti wa dada yake amemnunulia rula ya chuma, nzuri, ya kuweka kwenye picha za wateja wapya. Rula ipo, inafungulia makopo ya gundi. Mama Soli anachora mguu, anatandaza karatasi mezani, simu mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto anaibana kona ya chini, na kidole gumba chake kimevaa kikofia cha ngozi. Kinampwaya kidogo.