Chumba Kilichojibu Hodi

Evarista alikuwa na miaka thelathini na tisa alipopata kazi yake ya kwanza yenye mkataba. Kabla ya hapo alikuwa amefua nguo za watu, amechambua dagaa, amepika katika kantini za mafundi ujenzi, na kote huko alilipwa kwa kadiri ya huruma ya mwenye kulipa. Sasa alikabidhiwa funguo za duka la jumla la vitenge, Kariakoo. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alitakiwa awe amefungua, kwa sababu wateja wa Lubumbashi na Lusaka hununua mapema ili marobota yao yawahi lori.

Tajiri wake, Khalil, hakuwa mtu wa maneno mengi. "Ukichelewa mara tatu, funguo nampa mwingine," alimwambia. "Sitagombana na wewe. Nitazichukua tu."

Evarista alikuwa akiishi Chanika, mbali pembezoni mwa jiji, kwa mdogo wake aliyeolewa, na aliamka saa tisa usiku. Hata hivyo, wiki ya pili ilipokwisha alikuwa amekwisha kuchelewa mara mbili. Ilibaki moja.

Ndipo akamtafuta Shomari, dalali wa vyumba, ambaye ofisi yake ilikuwa benchi la muuza kahawa.

"Sista, Kariakoo hii imeacha kuwa ya watu, imekuwa ya mizigo," alisema Shomari. "Robota halikohoi, halipiki, halileti wageni. Mwenye nyumba atakuchukua wewe aliache robota?"

"Wewe nionyeshe vilivyopo."

"Elfu kumi ya kuonyeshwa. Hiyo nakula, upende chumba usipende."

Alimwonyesha vitatu. Kimoja dirisha lake lilikuwa limezibwa na ukuta wa ghorofa la jirani. Cha pili kilikuwa nusu ya chumba, nusu nyingine ikiwa imejaa mabeseni ya plastiki mpaka darini. Cha tatu kilikuwa kizuri, na mwenyewe alitaka kodi ya mwaka mzima mbele. Evarista alisimama barabarani, jua la saa saba likimpiga utosini.

"Kipo kimoja Mchafukoge," alisema Shomari mwishowe. "Dakika nane kwa mguu mpaka dukani kwako. Kodi ya mwezi mwezi, tena ndogo. Na mimi hapo sidai kitu."

Dalali akikataa hela, mtu mwenye akili husimama akajiuliza. Evarista hakujiuliza. Shida humfanya mtu aone neema mahali anapopaswa kuona onyo.

Ilikuwa nyumba ya zamani ya vyumba sita, korido katikati na ua nyuma, imebanwa na maghorofa pande tatu hata mchana taa ya korido haizimwi. Mwenye nyumba, Bi Sabaha, mjane wa Kiarabu aliyezaliwa humo humo, alikaa chumba cha mbele. Evarista alimwamkia. "Marahaba, mwanangu," alijibu, akampeleka mpaka mlango wa mwisho kushoto, lakini yeye mwenyewe akabaki kizingitini.

Ndani mlikuwa na kitanda, kigoda kimoja cha mbao nyeusi, na kofia ngumu ya rangi ya bluu, ya wapakuzi wa bandarini, imetundikwa kwenye msumari. Sakafu ilikuwa ya saruji ya kijivu, isipokuwa sehemu moja kando ya kitanda, ndefu kama mtu, iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe.

"Kigoda na kofia haviondolewi," alisema Bi Sabaha. "Na mlango huu hauna komeo kwa ndani. Utafunga kufuli kwa nje ukitoka. Ukiwamo, unarudishia tu."

"Mama, mimi mwanamke peke yangu. Nilale bila komeo?"

"Nyumba hii haina mwizi. Sharti ni hili: kila asubuhi, anayepita kwenye korido atakupigia hodi. Ukiwamo, ujibu. Hata ukiwa na usingizi, ujibu."

Alihamia Jumapili hiyo hiyo. Jumatatu alifungua duka mapema hata Robert, mbeba marobota wa dukani, akamcheka. "Dada Eva, umelala humu?"

"Nimelala kwangu," alijibu, na neno hilo lilimpendeza kinywani.

Alhamisi ilikuwa sikukuu, duka halikufunguliwa. Asubuhi hiyo Evarista alikuwa uani akifua. Kupitia mlango wa nyuma alimwona Husna, mpangaji muuza chapati, akipita koridoni na beseni lake, akisimama mbele ya mlango wa mwisho kushoto.

"Hodi hapa."

"Karibu," ilijibu sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee, kavu, kama ya mtu ambaye hajanywa maji kwa muda mrefu. Husna aliitikia "Haya," akaendelea na safari yake. Alipotokea uani na kumkuta Evarista amesimama, povu likimtiririka viwikoni, alishtuka, kisha akatazama pembeni.

"Nani yumo chumbani mwangu?" Evarista aliuliza.

"Mie nimesikia wewe."

"Husna. Mimi nipo huku."

Husna aliweka beseni chini. "Ukae ujue, shosti, maana watakuficha. Alikuwapo mzee mmoja, Mzee Beno, mtu wa kwenu kusini, mpakuzi mstaafu. Miaka kumi na moja humo. Alianguka hapo kando ya kitanda, komeo limefungwa. Siku nne. Sote tulikuwa tukipita hapo mlangoni."

"Siku nne hamkusikia harufu?"

"Hapo nje wanauza papa mkavu. Tulijua ni papa." Alinyanyua beseni lake. "Tangu hapo Bi Sabaha akang'oa komeo, akaweka sheria ya hodi. Wapangaji watatu wameondoka. Mmoja aliacha mpaka godoro."

Evarista alikwenda kukaa dukani kwa jirani mpaka alasiri, akihesabu njia zake. Chanika ilimaanisha kuchelewa mara ya tatu. Kuchelewa kulimaanisha kurudi kwenye dagaa. Akarudi chumbani. Hakukuwa na mtu. Kigoda kilikuwa pale pale, kimegeukia mlango.

Nitasema ukweli kuhusu alichofanya, maana yeye mwenyewe hakukificha. Alizoea. Siku alizotoka mapema, sauti ilijibu, na watu wa nyumba wakaridhika bila hata kulitazama kufuli la nje. Siku alizochoka, aligeukia ukutani akaiacha ijibu kwa niaba yake. Miezi miwili ikapita hivyo. Wapiga hodi nao hawakusubiri. Walilitupa neno mlangoni kama mtu anavyotupa taka, wakasikia jibu, wakapita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuusukuma mlango ule. Sheria ilitimizwa kila siku na haikumsaidia mtu.

Homa ilimwanza Ijumaa jioni, akitoka kazini. Usiku alitapika mpaka tumbo likawa tupu, na kulipopambazuka miguu haikumbeba. Alijaribu kuifikia simu iliyokuwa ikichajiwa ukutani, akaanguka kando ya kitanda, pale pale palipo peupe. Aliisikia simu ikiita juu yake, ikanyamaza, ikaita tena.

"Hodi," alisema Husna nje.

Evarista alifungua kinywa. Ulimi ulikuwa umeganda.

"Karibu," ilisema sauti, karibu sana na sikio lake.

"Haya." Kandambili za Husna zikapotelea uani.

Jumapili akapita Bi Sabaha. Hodi, karibu, akapita. Evarista alilia bila machozi, kwa kuwa mwilini hamkuwa na maji ya kulilia. Alikumbuka asubuhi zote alizojigeuza ukutani. Akaelewa pia kwamba sauti ile haikuwa ikimficha. Ilikuwa ikiita watu waingie. Ilikuwa imeita siku nne, na baada ya hapo ikaendelea kuita.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Khalil alimtuma Robert akachukue funguo za duka. Duka halikufunguliwa Jumamosi; mara ya tatu ilikuwa imetimia. Robert aliingia koridoni, akaulizauliza, akafika mlango wa mwisho kushoto.

"Hodi. Dada Eva, ni mimi Robert."

"Karibu."

Robert hakuijua nyumba ile na desturi yake. Alifanya anachofanya mtu yeyote aliyekaribishwa: alivua viatu, akausukuma mlango, akaingia.

Kelele zake ziliwatoa wote vyumbani. Alimbeba Evarista mgongoni kama robota mpaka kwenye bajaji, na njia nzima ya hospitali akawa anauliza swali lile lile: "Mzee aliyenikaribisha yuko wapi? Mbona simwoni?"

Evarista alilazwa siku tano. Khalil alikuja siku ya tatu, na machungwa. Alisema Robert amemsimulia, na kwamba Jumamosi ile hataihesabu. Kisha akaweka funguo juu ya shuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Lakini hiyo nyumba uhame."

"Nihamie wapi?" alisema Evarista. Maghorofa mawili ya Khalil pale Kariakoo yalikuwa yamejaa marobota.

Evarista aliporudi, Bi Sabaha alimpokea barazani, macho yamevimba. "Mwanangu, unisamehe. Kodi ya miezi mitatu usilipe."

"Kodi nitalipa, mama. Kesho asubuhi unipigie hodi, halafu uingie."

"Sijakanyaga humo tangu walipomtoa."

"Najua."

Asubuhi iliyofuata Evarista aliketi kitandani, amefumba mdomo kwa makusudi. Alisikia hatua za mama yule zikija, zikisimama, zikisita. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Karibu," ilisema sauti.

Kisha ndara zikavuliwa, mlango ukafunguka, na Bi Sabaha akaingia. Alimtazama Evarista, akamgusa paji la uso kwa kiganja. Halafu akakaa juu ya kigoda, akajifunika uso kwa mtandio wake. "Nimechelewa, Mzee Beno," alisema. "Nimekuja."

Tangu siku hiyo anayejibu ni Evarista mwenyewe, na anayepiga hodi huingia, humtazama, ndipo akaenda zake. Chumba kimetulia. Isipokuwa zipo asubuhi za haraka ambapo Husna, chapati zikimwita, hutupa hodi yake mlangoni na kupita bila kufungua. Asubuhi hizo Evarista husikia, nyuma ya jibu lake mwenyewe, jibu la pili.