Chaki kwenye Gari Jekundu

Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona sare za shule katika kibanda kilicho mbele ya ploti yetu hapa mtaani Mowlem, na mpaka mwaka juzi sikuwa nimewahi kumiliki hata baiskeli. Kwa hivyo majirani waliposikia nimenunua gari, tena gari la michezo la zamani, la milango miwili, lililoliwa na kutu kuanzia mbele hadi nyuma, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja aliniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia akaangalie sufuria yake isiungue. Hasira zangu zinajulikana ploti nzima.

Sikurogwa. Nilikuwa nakimbizana na macho ya baba yangu.

Baba alifanya kazi reli tangu ujana hadi kustaafu, na kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikisimama, yeye hutembea kando yake na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine huku ametega sikio. Gurudumu zima hulia, sauti ikabaki hewani kidogo. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Akilipata la namna hiyo alitoa chaki mfukoni, akalichora behewa msalaba mkubwa, na behewa lenye msalaba halikutoka yadi hata wakubwa wakipiga kelele namna gani. Alipostaafu alirudi na nyundo yake, akaukata mpini ukawa mfupi, akaiweka chini ya kitanda.

Huko reli kulikuwa na mhandisi mwenye gari jekundu la viti viwili, la chini chini, ambaye kila Ijumaa alimwambia Baba kwamba siku moja atamzungusha nalo. Akahamishwa bila hata kuaga. Tangu nikiwa mdogo nimesimuliwa habari za gari hilo, na kusema kweli lilikuwa limenichosha. Kisha Baba akashikwa na presha ya macho. Daktari alisema dawa ya matone itachelewesha tu, kuona kwake kutapungua polepole kutoka pembeni kwenda katikati, na tuhesabu miezi, si miaka. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Baba akasema, "Mama, ningependa kuliona moja kama lile kabla haya macho hayajafunga." Ananiita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Sasa mtu akikuita hivyo na kukuambia hivyo, wewe ungefanya nini?

Nililipata mtaa wa Donholm, nyuma ya nyumba ya mteja wangu mmoja, mama mjane. Lilikuwa la marehemu mumewe. Kuku wawili walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Rangi yake sikuitambua, ila umbo lilikuwa lile lile nililosimuliwa: boneti ndefu, nyuma fupi, kama mtu aliyechuchumaa. Nikaweka mkono kwenye ukingo wa mlango, kipande kikabaki mkononi mwangu. Yule mama aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Wiki iliyofuata niliuza cherehani yangu ya kudarizi, nikalichukua.

Gereji ilikuwa uwanja wazi karibu na Kiamaiko, na mbuzi waliokuwa wakipelekwa sokoni walikatiza hapo kila asubuhi. Siku ya pili tu walikuwa wameshatafuna sponji ya kiti kimoja. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, na mwenye mbuzi akaniambia, "Mama, hata mbuzi wanajua hii ni takataka." Nilimtukana. Sitarudia hapa nilichomwambia.

Fundi wa bodi alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mikono imejaa makovu ya moto. Alilizunguka gari, akachukua bisibisi, akaisukuma chini ya mlango. Ikazama yote hadi kwenye mpini.

"Mathee," akasema, "hii ndai imeoza. Ukikanyaga hapa, mguu unatokea barabarani."

"Najua imeoza. Nimekuletea uitengeneze, si uisomee matanga."

"Iko njia mbili. Tukate kutu yote, tuchomelee mabati mapya, kipande kwa kipande. Hiyo ni mpaka Krismasi, na hapo tukienda mbio. Ama tupige puti, tusugue, tupake rangi. Wiki tano sita hivi, unatoka nayo."

Puti ni ule uji mzito wanaozibia matundu. Ukikauka unakuwa mgumu, unasuguliwa kwa msasa, unapakwa rangi juu. Fundi aliniapia kwamba hakuna jicho litakalojua.

Mimi ni mshonaji. Najua tofauti ya kiraka kilichoshonwa na kiraka kilichobandikwa kwa gundi. Nimeshawahi kukosana na mshonaji mwenzangu kwa kubandika gundi kwenye sare ya mtoto wa watu, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Lakini Krismasi ilikuwa mbali, na macho ya Baba yalikuwa yanaondoka. Nikasema, "Piga puti." Tena nikasema kwa sauti ya mtu anayejua mambo.

Boneti peke yake ndiyo haikuhitaji puti. Miaka yote injini ilikuwa ikirusha mafuta kwa chini, mafuta yakailinda. Fundi aliinyoosha kidogo tu, akaiacha ilivyo.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, Baba alining'ang'ania mkono akauliza, "Wamefika wapi?"

"Wanachomelea, Baba. Mabati mapya kabisa."

"Umelisikia likigongwa? Chuma kizuri kinajibu."

"Kinajibu, Baba."

Haki ya Mungu, nilimdanganya hivyo nikiwa nimebeba Biblia. Nilijiambia ni uongo mdogo. Akiliona tu jekundu, limesimama mbele ya mlango wake, atauliza habari za mabati ya nini?

Na kuna mambo niliyoyaona siku zile, nikayapita. Baba aliacha kutazama habari kwenye televisheni, akasema wanasiasa wamemchosha. Nani hawajamchosha? Alianza kunipa gazeti nimsomee, kwa vile miwani ilikuwa na mikwaruzo. Chai alitaka iwekwe pale pale kila siku, upande wa kulia, na siku niliyoiweka kushoto aliimwaga, nami nikafoka. Nilifoka! Akasema, "Pole, Mama, mawazo yalikuwa mbali." Mimi na akili zangu zote nikadhani ni uzee.

Gari lilikamilika siku ya Jumamosi, injini nayo ikiwa imefufuliwa na fundi mwenzake. Niseme ukweli, lilipendeza. Lilikuwa jekundu la kung'aa, hata wale wa mbuzi walisimama kulitazama. Fundi aliendesha, mimi nikakaa kando yake juu ya kreti ya soda, maana kiti changu kililiwa. Niliwapungia mkono watu nisiowajua. Sijawahi kujisikia hivyo maishani mwangu na sidhani nitajisikia hivyo tena.

Tulipokaribia nyumbani injini ikakohoa, ikazima. Barabara yetu ina mteremko kidogo, kwa hivyo fundi aliachilia tu, gari likateleza polepole, kimya kabisa, likaingia langoni na kusimama hatua moja kutoka alipokuwa Baba. Alikuwa amenisubiri hapo tangu asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, nyundo mfukoni. Nikashuka bila kuufunga mlango, nikaenda nikasimama kando yake. Nikasema, "Haya, Baba. Sema basi."

Baba alitabasamu. Alikuwa anatazama juu ya gari, kule barabarani.

"Mnangoja nini?" akasema. "Lileteni."

Fundi alinitazama. Mimi nikatazama chini. Baba alisikia kile kimya chetu na tabasamu likamtoka. Akanyoosha mkono mbele, pole pole, vidole vikagusa paa.

"Aa," akasema. "Kumbe lipo."

"Tangu lini, Baba?"

"Kabla ya Pasaka."

Kabla ya Pasaka. Gari lilikuwa bado Donholm na kuku. "Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha. Na ulikuwa na furaha, Mama. Tangu ufiwe na mume wako sijakusikia ukiwa na furaha namna ile."

Baba akatoa nyundo mfukoni. Nilijua anachotaka kufanya, nikamshika mkono, nikamwambia apumzike kwanza, anywe chai, jua ni kali. Akautoa mkono wangu bila nguvu. Akaanzia kwenye mlango. Akagonga. Dup. Akasogea shubiri moja, akagonga tena. Dup. Hakuuliza kitu. Akatoa chaki katika mfuko wa pili, akachora msalaba. Akashuka chini ya mlango, akagonga, akachora. Akazunguka nyuma, akipapasa, akigonga, akichora, mgongo umeinama kama zamani kando ya treni. Misalaba mingine ilipandana kwa sababu hakuiona. Fundi alichukua kitambaa akataka kuifuta kimya kimya, nikamfokea, "Wacha! Wacha hivyo!"

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeelewa nilichofanya. Nilichagua puti ili niyawahi macho, na macho yalikuwa yameshaondoka. Kilichobaki kwa Baba kilikuwa masikio, na masikio yangengoja mpaka Krismasi bila shida yoyote. Kama ningejua, ningechomelea. Kama angesema, ningechomelea. Gari zima lingemjibu.

Alifika mbele. Akagonga boneti, na boneti ikalia. Baba akasimama wima. Akagonga tena, akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa.

"Hapa ni chuma," akasema. Chaki akairudisha mfukoni.

Fundi alisema tunaweza kuikata kutu, kuanza upya. Alisema kwa adabu tu. Mwenyewe alinieleza baadaye kwamba chini ya ile puti kutu ilikuwa inaendelea, na ukiikata hutapata pa kuchomelea. Baba naye alikataa. Alisema behewa la misalaba mingi hivyo hawalitengenezi, wanalivuta kando ya yadi na kuliacha. Nikamwuliza kama amenikasirikia. Akasema ameshakula chumvi ya kutosha, hana nafasi ya kukasirika.

Lipo hapo hapo langoni mpaka leo. Injini haikuwaka tena. Mvua za kwanza zilifuta chaki, za pili zikaifanya puti ivimbe, na sasa rangi inabanduka vipande vipande na maji ya kahawia yanachuruzika hadi mlangoni kwa jirani, yule wa sufuria. Hacheki tena, na ningependa acheke. Kila asubuhi Baba anatoka akishikilia ukuta, anaifikia boneti, anaigonga mara mbili, anasikiliza. Nami huwa nasimamisha cherehani mpaka amalize.

Juzi, kabla ya kugonga, aliniita. "Mama, bado ni jekundu?"

Neno "bado" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikalimeza.

"Hapana, Baba. Linabanduka lote. Kutu imetoka nje."

Akatikisa kichwa taratibu, mkono ukiwa juu ya boneti.

"Afadhali umesema," akaniambia. Kisha akaigonga, na sauti ya boneti ilikuwa imeanza kufa.