Kula Mbele ya Mkwe

Kwetu Likasi, kule Kongo, mwanamke mwenye adabu hali mbele ya mume wa binti yake. Hamwangalii usoni, hampi mkono, hakai naye kwenye benchi moja. Si ugomvi, jamani, ni heshima. Heshima hiyo hulegezwa siku moja tu: mkwe analeta mbuzi, wazee wanakaa, mama-mkwe anapika kuku, na tangu hapo watu wanaishi kama watu. Kabla ya siku hiyo, mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, wewe unatoka kwa mlango wa jikoni.

Vijana wa siku hizi wanacheka. Waache wacheke. Mimi nimefundisha shule ya msingi mpaka nimestaafu, mabara yote ninayajua, na bado niliwahi kushuka kwenye taksi-basi mbali kabisa na kwangu, na kapu la mboga kichwani, kwa sababu mkwe wangu alipanda. Kanisani yeye alikwenda misa ya kwanza, mimi ya pili. Mbuzi wetu alikuwa anamsubiri mjomba wa binti yangu, mkubwa wa ukoo, ambaye kila tukipanga siku, mgongo unamshika. Basi tukaishi hivyo, mkwe na mimi, tukijuana kwa visigino.

Binti yangu alikwenda Ubelgiji kusoma, mtoto akiwa bado ananyonya. Karatasi zake zilitoka, za mtoto zikachelewa, na wewe unajua karatasi. Akaniachia mtoto mgongoni, akapanda ndege analia. Za mtoto na za baba yake zilipopatikana, akanipigia simu.

"Mama, utakuja nao. Baba yake hawezi peke yake na mtoto safari yote ile."

"Na bukwe je, hii heshima ya wakwe? Nitakaa naye wapi?"

"Mama, ndege ni kubwa."

Ndege ni kubwa! Mtoto niliyemzaa mwenyewe alinidanganya hivyo, bila haya.

Kisha akasema jambo lingine, na sauti yake ikabadilika. "Mama, nisaidie tu afike mzima. Afike ananyonya chupa, anacheka, vile ninavyomwona kwenye simu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi nimelea wangapi?

Lakini mtoto huyu alikuwa na tabia moja. Hakula mpaka anione mimi ninakula. Si mtu mwingine, mimi. Umletee uji, anafunga mdomo kama mlango wa ofisi saa sita. Mimi nikae mbele yake, nitie kitu kinywani, nitafune kwa fujo na macho nimeyatoa, ndipo naye anafungua. Hata chupa ya maziwa ilikuwa hivyo hivyo. Nyumbani haikuwa shida. Nilinenepa tu.

Kutoka Lubumbashi hadi Addis Ababa, Mungu alitusaidia. Mkwe alipewa kiti cha mbele na mtoto, mimi nikakaa nyuma kabisa karibu na choo, na mtoto alilala njia yote. Pale Addis tulikimbia kutoka mlango hadi mlango. Nilijaribu kumpa uji tukiwa tumesimama kwenye mstari, mkwe akiwa amegeukia ukuta, lakini mtoto alikuwa anaangalia taa. Alikataa uji, akakataa maziwa. Nikasema atakula ndani ya ndege.

Ndani ya ndege ya pili nikakuta viti vitatu: mkwe na mtoto dirishani, mimi kwenye njia. Mungu ni mwema tena, kwa sababu katikati alikuwa ameketi mama mmoja wa Dar es Salaam, mnene, mcheshi, amejipaka marashi. Ukuta kamili. Nikamsalimia kwa furaha hata akashangaa.

Sasa, adabu inakataza kumsemesha mkwe. Haikatazi kumsemesha mtoto.

"Mutoto," nikasema, "ambia papa yako akuvue ile kofia, utasikia joto."

"Mutoto," mkwe akajibu akiangalia dirisha, "ambia nkambo kama nilisha kukuvua." Nkambo ni bibi, yaani mimi.

"Mutoto, ambia papa yako aniletee kale kathermos ka uji."

"Mutoto, ambia nkambo iko chini ya miguu yake."

Mama wa Dar alikuwa anageuza shingo kushoto na kulia kama mtu anayetazama mpira. Mtoto mwenyewe alikuwa ananyonya kidole cha mguu na hakupeleka ujumbe wowote.

"Samahani," mama akasema mwishowe, "mbona hamsemeshani?" Wala hakungoja jibu. Akasimama, akanishika bega. "Dada yangu, ugomvi wa nyumbani hauletwi angani. Njoo ukae hapa. Msamehe mumeo."

Mumeo! Weee! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mkwe wangu alijibana dirishani, na nakwambia, dirisha lile lingefunguka angetoka.

"Si mume wangu!" nikapiga kelele, watu wakageuka. "Ni mukwe! Ni bwana ya mutoto yangu!"

"Mkweo?" Akacheka. "Ndiyo vizuri zaidi, kaa na mkweo!" Na huku ameshaketi kwenye kiti changu, amenyoosha magoti yake kwenye njia, anasema asante, magoti yalikuwa yanamuua. Kwao, nilisikia baadaye, mama na mkwe wanasalimiana kwa mikono yote miwili na kuulizana habari za usingizi. Kila nchi na mambo yake. Kuomba kiti kingine haikuwezekana, ndege ilikuwa imejaa mpaka kwenye mkia. Nikaketi katikati, nimekunja bega la upande wa mkwe kama bawa lililovunjika.

Chakula kikaja. Kuku na wali. Mama wa Dar akala. Mimi nikafunika changu. Mkwe akafunika chake. Harufu haikujifunika. Na mtoto akaanza kulia.

Nilimpa chupa, akaisukuma. Nilimpa uji, akafunga mdomo. Alikuwa ananiangalia kinywa. Alikuwa anangoja nianze.

Mama wa Dar alipouliza kwa nini sili, nikamweleza yote: tabia ya mtoto, adabu, mbuzi, mgongo wa mjomba. Alisikiliza vizuri, akapangusa midomo. "Mwenye njaa hana miiko," akasema.

"Hiyo methali walitunga watu ambao hawana wakwe," nikamjibu.

Lakini si kwamba hatukujaribu. Kwanza mkwe alitaka kuniachia mtoto aende kusimama nyuma karibu na vyoo, nile, mtoto ale, arudi. Mpango mzuri. Hakumaliza hata kunyanyuka, ndege ikaanza kutikisika, taa za mikanda zikawaka, na mhudumu akamkalisha kwa kidole kimoja. Akamfunga mtoto juu ya mapaja yake kwa ule mkanda mdogo unaopita ndani ya mkanda wa baba, akasema taa ikiwaka hakuna kufungua, hakuna kupokezana. Taa ikawaka, na ikaendelea kuwaka.

"Mutoto," mkwe akasema, "ambia nkambo minaangalia inje."

Akageukia dirisha. Nikafunua kuku. Nikachukua kipande, nikakileta karibu na midomo, na nikainua macho kidogo. Kioo cha dirisha kilikuwa kinanionyesha mimi, na kuku, na juu ya kuku macho mawili ya mkwe wangu. Tulishtuka wote wawili. Kuku alianguka kwenye mfuko wa kiti pamoja na karatasi za usalama.

Ndipo nikakumbuka kitenge changu.

"Mutoto, ambia papa yako ajifunike kichwa."

Ujue mkwe wangu ni mkubwa wa timu kule kiwandani. Akipita na ile kofia yake ngumu, wanaume wanaacha mazungumzo. Mtu huyo alichukua kitenge changu chenye maua ya njano, akajifunika kichwa chote mpaka kidevuni, akaketi wima. Nikafunua kuku tena. Nikaanza tu kutafuna, mtoto akageuka kumtafuta baba yake, akakuta mwili wa baba, mikono ya baba, na mahali pa kichwa pana maua. Sijasikia kilio kama kile. Watu waliokuwa wamelala safu ya mbele kabisa walisimama ndani ya mikanda yao.

Mhudumu akaja akishikilia viti. Akauliza kwa Kifaransa kama bwana anaumwa.

"Hapana," kitenge kikajibu. "Ninamuheshimu mama-mkwe wangu."

Mhudumu akaniangalia mimi. Nikaangalia dari. Mama wa Dar alikuwa amejifunika uso kwa mto, mabega yanaruka.

Hapo hata mimi nilitaka kucheka. Lakini kilio cha mtoto kikaanza kupungua, na hakikupungua kwa sababu ametulia. Mtoto akilia kwa nguvu, ana nguvu. Huyu alikuwa ameanza kulia kidogo kidogo, kama mtu mzima, kichwa kimelala kwenye kifua cha baba yake, midomo imekauka. Nikagusa nepi. Ilikuwa kavu tangu Addis. Nikatia tone la maziwa kwenye mdomo wake kwa kidole, likashuka kidevuni. Macho yake hayakuacha kinywa changu.

Safari ilikuwa bado ndefu, chini kulikuwa na jangwa, na kule mwisho wa jangwa kulikuwa na binti yangu ambaye aliniomba jambo moja. Nilimwona anasimama pale anatungoja. Nikajiona ninampa mtoto aliyelegea, na ninamweleza kwamba adabu yangu nimeifikisha salama.

"Mutoto," kitenge kikasema, polepole sana, "ambia nkambo… ambia nkambo namuomba."

Alikuwa ananiomba kutoka ndani ya maua. Mwanaume mzima.

Nikanyoosha mkono, nikavuta kitenge mimi mwenyewe. Nikakitupa chini. Nikageuka, si bega tu, nikageuka mwili mzima, magoti yangu yakagusa yake, na nikachukua paja la kuku kwa mkono. Uma nilisahau. Nikauma. Nikatafuna vile mtoto anavyopenda, mashavu yamejaa, macho nje, ninaunguruma. Mafuta yalinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kama marehemu mama yangu alikuwa ananiangalia kutoka mbinguni, na pale tulikuwa karibu naye, basi aliona kila kitu.

Mtoto akainua kichwa.

Nikauma tena. "Mmm! Mmm!"

Akafungua kinywa. Kijiko kikaingia. Akameza, akafungua tena, akapiga mikono kwenye mapaja ya baba yake kwamba ninachelewa. Kijiko kwake, kuku kwangu, kijiko kwake, kuku kwangu. Mama wa Dar alishika ile thermos na kumimina bila kuambiwa, na midomo yake mwenyewe ilikuwa inafunguka na kufungika.

Unajua vile mtu anayelisha mtoto anavyofungua kinywa bila kujua. Basi nyuma ya kichwa cha mtoto kulikuwa na kinywa kingine kimefunguka. Kijiko kikipanda, kinafunguka. Kijiko kikishuka, kinafungika. Mtu huyo hakuwa ametia kitu tumboni tangu Likasi, maana hata katika ndege ya kwanza mimi nilikula kule nyuma, yeye alijizuia nisije nikapita kumwangalia mtoto nikamkuta anatafuna. Hilo alimwambia mtoto baadaye, nami nikasikia.

Mkono wangu haukuniuliza. Ulichukua kipande cha kuku, ukapita juu ya kichwa cha mtoto, ukakitia ndani ya kile kinywa.

Kikafungika.

Hakukuwa na mbuzi, hakukuwa na wazee, shahidi wetu alikuwa mama wa Dar na mhudumu aliyesimama na birika la chai. Mkwe alikuwa na kuku mdomoni na hakujua kama ameze au ateme. Mtoto akageuka, akamwona baba yake ana mashavu yamevimba, na akacheka. Akacheka kile kicheko chake cha tumboni, na uji ukarukia blauzi ya mama wa Dar, na mama wa Dar akacheka hadi akakohoa, na mkwe wangu, jasho likimtoka, akashindwa kujizuia, akacheka naye.

Nikamwangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alipomwoa binti yangu.

Shavu lake la kushoto lilikuwa limeingia ndani, kishimo kimoja tu, kirefu, upande mmoja. Kishimo kile nilikuwa ninakibusu kila asubuhi kwenye shavu la mtoto. Nilikionyesha mtaa mzima. Niliwaapia majirani kwamba kimetoka kwetu.

"Kumbe ni chako," nikamwambia.

Alimeza kuku. Akaangalia chini, halafu akaangalia juu.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ni changu."