Kigelegele cha Zamu

Joto la Doha likianza kuonyesha makucha, Madam hufunga nyumba yake ya mtaa wa Abu Hamour na kwenda London na watoto, na mimi huenda kwa sababu watoto ndiyo kazi yangu. Wenzangu wananionea wivu. Niwaambie nini? Nilikwenda kutazama maua nikiwa nimevaa masweta mawili na soksi za kuazima.

Maua yenyewe, sisemi uongo, ni mazuri. Kila siku tulikwenda bustani moja au nyingine. Madam alitandika mkeka juu ya majani, akatoa chupa ya kahawa na tende, nasi tukakaa pale tukipigwa na upepo kana kwamba tumeukosea adabu. Waingereza walilala vifua wazi wakiota jua ambalo mimi sikuliona. Watoto walilisha mabata.

Lakini moyo wangu haukuwa bustanini. Mama yangu, aliyeko Tanga, na mdogo wangu wa kiume walikuwa hawasemezani. Mdogo wangu ni mlinzi wa jengo moja pale Al Sadd, hapo hapo Doha. Nyumbani alisema anafanya kazi ofisini, na kweli ofisi zimo humo, ila yeye yuko mlangoni. Siku picha yake akiwa na sare ilipomfikia mama, mama alimpigia: "Nimeuza shamba nikusomeshe, ukashike rungu?" Kwetu mlinzi ni mzee wa kabuti bovu anayesinzia juu ya boksi, na mama hakumjua mwingine. Mdogo wangu akajibu, "Sawa, mama," akakata simu. Hata Idi hakupiga. Nilipomsema akaniambia, "Dada, niache." Niliwakasirikia wote wawili na niliwapenda wote wawili. Ndiyo shida ya kuzaliwa wa kwanza.

Basi siku moja Madam akatupeleka kwenye kasri la mfalme. Watu walikuwa wamebanana kwenye uzio, simu juu. Zikasikika tarumbeta na ngoma, wakatokea askari wa makoti mekundu, vichwani kofia ndefu za manyoya kama vikapu vyeusi vilivyopinduliwa. Nikampigia mama kwa video, maana anapenda gwaride.

Mama aliposikia ngoma tu, akapiga kigelegele. Sauti ya simu ilikuwa juu. Na kigelegele hakiachwi peke yake, huitikiwa. Nikaitikia kabla sijajijua. Wazungu wote wakageuka. Polisi akanikazia macho. Madam alicheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Harusi ya nani hiyo?" mama akauliza.

"Si harusi, mama. Walinzi wanapokezana zamu."

"Walinzi?"

"Walinzi. Hawa wanatoka, wale wanaingia."

"Na watu wote hao?"

"Wamepanda ndege kuja kuwatazama."

Akaisogeza simu machoni. Nikaona nipigilie msumari papo hapo. "Wakisimama hawaruhusiwi hata kujikuna. Kama mwanao."

"Naye husimama hivyo?"

"Juani, mama. Na hapigiwi ngoma."

Askari wakaingia ndani, geti likafungwa, watu wakaanza kutawanyika. Kisha mama akasema, "Ukirudi, nenda kwake wakati wa zamu. Unipigie."

Ijumaa yangu ya kwanza ya mapumziko baada ya kurudi Doha, nikaenda Al Sadd jioni. Joto lilikuwa la kufunua chungu cha wali. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, sare imepigwa pasi, mgongo umelowa. Aliponiona akakunja uso. Mwenzake wa kumpokea, kijana wa Kenya, alikuwa anashuka kwenye basi la kampuni. Nikampigia mama, nikaiinua simu. Mdogo wangu alipomkabidhi mwenzake redio ya mkononi, nikasema, "Mama, sasa."

Kigelegele kikatoka Tanga kikajaa pale mlangoni. Watu waliokuwa wanatoka madukani wakasimama. Nikaitikia. Dada mmoja wa mapokezi akapiga makofi bila kujua anampigia nani.

"Dada, utanifukuzisha kazi," mdogo wangu akasema, meno ameyabana.

"Zii bro, huyo si ni mathe?" yule Mkenya akamwambia; kwao mathe ni mama. "Shika simu. Mimi nishaingia."

Hakuishika. Aliitazama tu. Mimi nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo, maana nilijua akigeuka hapo, basi tena. Na mama asingemwomba radhi. Kwetu mzazi haombi radhi kwa mdomo.

"Mwanangu," mama akasema, "hiyo kofia mbona imekaa upande? Mlinzi haiweki hivyo."

Mdogo wangu akainyoosha kofia kwa mikono miwili. Halafu akaipokea simu.

"Shikamoo, mama."